Mlangilangi Uliolala

Maua yale Mwatum binti Mjaka alipewa kwa kuchekwa. Waliomjua baadaye, wanawake wa Tibirinzi waliokuwa wakituma mtu kufuata vikuba vya maua vya harusi kwake na si kwa mwengine, walidhani ni mtu aliyezaliwa na bahati ya maua mkononi. Hawakuwapo barazani siku ile.

Siku ile wazee wa Mgogoni walikaa kumaliza shauri baina yake na Himid, mume aliyemwacha ili amwoe msichana wa Wambaa aitwaye Mwanamize. Mwatum alikaa ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa, akasikiliza jasho lake linavyogaiwa. Mikarafuu ya mlimani, aliyoichukulia maji kichwani tangu ikiwa haijapita goti lake, ikasemwa kuwa ni ya Himid, kwa sababu hakutokea shahidi wa kusema kwamba alimwona Mwatum akiipanda. Waliomwona walikuwa wengi. Lakini msimu wa kuchuma karafuu ulikuwa karibu, na kila mmoja alikuwa akitaka kazi kwa Himid.

"Na yale maua yake kule chini?" akauliza mmoja.

"Hayo mpeni," akasema Himid. "Akajipambe nayo, huenda akapata mume."

Baraza zima likacheka. Mwatum hakulia. Alisema moyoni, haya, chekeni, na tangu siku hiyo hakumsahau hata mmoja; ingawa hakuwaona nyuso, sauti zao alizijua zote.

Pemba, ardhi huweza kuwa ya huyu na miti iliyo juu yake ikawa ya yule. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Sheha Mmanga, mkuu wa kijiji, mzee mfupi aliyekuwa akisema polepole kama mtu anayetafuna, akahukumu hivyo hivyo. Kipande cha chini, ukingoni mwa bonde la mpunga, ardhi yake ni ya Himid na miti ya maua ni ya Mwatum. Ajenge kibanda chake humo. Maadamu mti uko hai pale pale ulipopandwa, basi ardhi yote inayofunikwa na kivuli chake wakati wa adhuhuri ni ya kutumia Mwatum, na hakuna wa kumwondoa. Mti ukifa, au yeye mwenyewe akiung'oa akaupeleka kwengine, mahali hapo panamrudia mwenye ardhi.

Himid hakupinga. Alikuwa na haja gani ya kupinga? Maua yanakaa muda gani?

Na Mwatum hakuwa na pengine pa kwenda. Wazazi walikuwa kaburini, na nyumba ya wazazi ilikuwa na kaka yake, na kaka yake alikuwa na mke ambaye alihesabu kila kata ya maji iliyotoka mtungini. Kwa hiyo alibeba mkeka wake, sufuria yake na mbuzi yake ya nazi, akateremka kwenye maua yake. Katikati ulisimama mlangilangi alioupanda mwaka wa ndoa yake, mrefu kuliko paa lolote la pale. Kuuzunguka palikuwa na vichaka vya vilua, safu ya asumini, mkadi mmoja na vijitanda vya rihani. Akajenga kibanda cha udongo chini ya mlangilangi, akawa mtunga vikuba.

Kazi hiyo aliijua. Kikuba kinachovaliwa na bibi harusi kifuani hakitungwi kwa maua yaliyokwisha kufunguka barabara. Kilua kinachumwa kingali kimejifunga, kinafichwa ndani ya jani la mgomba, kifunguke kifuani kwa mtu na si njiani. Bi Badriya wa Tibirinzi, ambaye kwao walikuwa na nyumba kubwa yenye milango ya nakshi, alikuwa akisema kuwa kikuba cha Mwatum kinanukia hata siku ya pili, kikishatupwa. Mwatum alipoletewa sifa hiyo alijibu, "Mwambieni asikitupe." Hakuwa mtu wa maneno matamu. Maneno matamu aliyatumia yote alipokuwa kwa mume, na aliona yamemfikisha wapi.

Hivyo alikaa miaka, na Himid akapita njia ya juu kwenda kwenye mikarafuu yake akitazama chini, akingoja.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na moja.

Vuli iliyotangulia ilikuwa manyunyu tu, hata mbegu za kunde hazikuoza wala kuota, zilikaa ardhini zikitazama. Kiangazi kikaingia juu ya ardhi ambayo haijanywa. Jua lilikuwa jengine. Majani ya migomba yalikunjika asubuhi kama yalivyozoea kukunjika mchana. Rihani ilikufa kwanza. Mikarafuu ya Himid ilipukutisha majani mpaka ukipita chini yake unasikia kama unakanyaga vigae.

Kisima cha karibu kilibaki na maji ya kuchota kwa kifuu. Mwatum hakuweza kumwagilia maua kwa maji ambayo watu wanagombania kunywa, na hakutaka mtu apate la kumsema. Akafikiri, akaenda kwa jirani yake Moza, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na roho safi.

"Shoga, wewe udhu wako unatilia wapi?"

"Natilia uani kwangu. Kwani umetumwa kuchunguza swala za watu?"

"Yale maji unayomwaga, njoo uyamwage kwangu."

Moza akamtazama, kisha akacheka hadi akakaa chini. Lakini alikuja, na kopo lake mkononi. Alipokuja yeye wakaja na wengine wawili watatu wa jirani. Mwatum aliweka jiwe la kukalia kwenye kila shina, na wanawake wakawa wanatia udhu hapo, maji ya uso na mikono na miguu yakienda kwenye mizizi. Kila swala ilikuwa na mti wake.

"Leo adhuhuri namkogesha nani?" Moza huuliza tangu mbali.

"Kilua cha mwisho."

"Huyo jana kanitilia mdudu shingoni. Nipe asumini."

"Asumini amekwisha kunywa alfajiri. Wewe ukishakuwa na mti unaoupenda, miti mengine ife?"

Himid alisikia habari hiyo, akasema msikitini kuwa mtalaka wake ameanzisha dini ya kuabudu miti. Maneno yakamfikia Mwatum kabla ya magharibi. "Mwambieni," alisema, "miti yangu inaoga mara tano kwa siku. Ya kwake je?"

Ramadhani ikaingia kiangazi kikiwa kikali vile vile, na hapo ndipo Mwatum alipokosea. Wanawake waliofunga hawakuwa na nguvu za kuja kila wakati. Akashuka mwenyewe kwenye kisima cha chini, karibu na mikandaa ya pwani, ambacho watu walikuwa wamekiacha. Akakuta maji mengi, meupe, mazuri kutazama. Akafurahi. Alichota ndoo baada ya ndoo, akamwagilia safu yote ya asumini mpaka ardhi ikang'aa. Mtu asiyefunga angepiga funda moja kabla ya kubeba. Mwatum alikuwa na saumu, na alikuwa mkali wa saumu yake kiasi kwamba hata ulimi hakuutia maji yasiyokuwa na lazima.

Alasiri Moza akaja, akatia udhu kwa maji yaliyobaki ndooni. Aliposukutua tu aliyatema.

"Mwatum! Weye! Maji haya ya bahari!"

Mwatum alisimama na kata mkononi. Jua lile lilikuwa limekausha maji matamu chini ya ardhi, na bahari ikaingia mahali pake bila kumwambia mtu. Walikimbia na Moza wakichimbua udongo kwa mikono, wakiikwangua chumvi kwenye mizizi, na kwa mara ya kwanza katika mwezi ule Mwatum alitamka maneno yasiyofaa mtu aliyefunga. Haikusaidia. Baada ya siku chache majani ya asumini yaliungua pembeni kama yamepitishwa motoni, kisha yote. Safu nzima ikafa. Kivuli chake kidogo kikafa nacho, na upande ule ukawa umemrudia Himid.

Hakuchelewa. Alikuja na kamba, akapima, akapigilia vijiti. Nyuma ya vijiti akaja kupanda miche ya mikarafuu, huku masika yenyewe yakiwa machache.

"Pole, binti Mjaka," alisema. "Kidogo kidogo utafika kwa kaka yako."

"Mche wako umeupanda kwenye chumvi," Mwatum akamjibu. "Lakini panda. Kupanda huku umekujua lini? Zamani ulikuwa ukijua kusimama tu na kuonyesha kwa kidole."

Himid akasaga meno akageuka. Miche ile ya kwenye chumvi ilikufa yote, na Himid akapanda mipya kidogo juu, kando ya njia yake mwenyewe. Huko ikashika.

Watu walisema baada ya jua namna ile mvua zitakuja kwa kiasi, zione haya. Hazikuona haya. Vuli ya mwaka ule ilipoanza, watu walitoka nje wakafurahi, watoto wakaoga uchi. Wiki ikapita, watu wakaingia ndani. Mwezi ukapita, wakaanza kutazamana. Karafuu zilizochumwa hazikupata jua la kuanikia, zikavunda kwenye majamvi, na Pemba nzima ikanuka kitu kilichooza badala ya harufu yake. Mpunga bondeni ulizama. Kuta za udongo zilivimba, zikateremka zenyewe kama uji. Vikongwe waliulizwa kama waliwahi kuona mvua ile, wakasema hapana, na vikongwe wa Mgogoni hawapendi kusema hapana.

Mkarafuu hauwezi kusimama na miguu majini. Himid aliona maji yanatuama kwenye miche yake mipya, akachukua vibarua akachimba mfereji. Alichimba wapi? Angeweza kuupeleka kushoto, kwenye kijito. Aliuteremsha moja kwa moja mpaka upande wa juu wa mlangilangi wa Mwatum, akauachia hapo.

Mwatum aliona maji mekundu yanaingia kwake kama mgeni asiyealikwa. Akapanda mlimani na jembe lake, ameloa chapachapa, kanga imemganda.

"Himid! Huu ni mfereji au ni jeneza?"

"Ardhi yangu nachimba ninapotaka."

"Na maji haya?"

"Maji ya Mungu. Mshitaki Mungu."

"Mungu hakushika sepetu. Nimemwona aliyeshika."

Vibarua waliinamisha vichwa, mmoja akauma mdomo asicheke. Himid akawaambia wachimbe zaidi.

Mwatum alirudi chini akapambana. Akatengeneza tuta kwa udongo na makuti, maji yakalivunja. Akatengeneza jengine kwa mawe ya kutilia udhu. Kichaka cha kwanza cha vilua kikang'oka mbele ya macho yake, kikazunguka, kikateremka bondeni na maua yake. Mkadi ukafuata. Moza alikuja amejifunika jamvi kichwani.

"Shoga, sikiliza. Ving'oe hivi vilivyobaki sasa hivi, tukavipande uani kwangu. Vitapona. Na weye utakaa kwangu, hutakosa pa kulala."

Mwatum alijua maneno hayo ni ya kweli. Vilua vilivyosalia vingehamishwa vingepona. Vikibaki, vitakwenda na maji. Alikuwa na mikono miwili na siku moja ya kuamua. Na alijua pia alivyosema Sheha: atakayeung'oa mti wake mwenyewe amekwisha kuondoka.

"Sing'oi," alisema.

"Vitakufa!"

"Na vife vikiwa kwao. Miye nilitolewa nyumba ya kwanza kwa maneno. Hii ya pili waje wanitoe kwa maji, sitatoka kwa mikono yangu mwenyewe nikamfanyia Himid kazi yake. Kazi za Himid nimefanya za kutosha."

Moza alimtazama, akatua jamvi, akapinda kanga yake kiunoni. "Basi nipe jembe," alisema. "Mwanamke kichwa kigumu kama kumbi."

Wakachimba pamoja. Vilua vilikwenda kimoja baada ya kimoja, hata kikabaki kiwanja cha matope na mlangilangi peke yake. Mfereji ulikuwa umekula udongo wote wa upande wa juu wa shina, mizizi ikaonekana kama mbavu. Mchana mmoja, upepo ulipotoka bondeni kuelekea mlimani, mti ukanguruma chini. Mwatum alitoka kibandani akakimbia. Mlangilangi uliinama polepole kuelekea kule ulikochimbwa, ukaanguka kupanda juu, ukavuka vijiti vya Himid, ukailalia miche yake mipya ya mikarafuu na ukaziba njia yake yote.

Himid alifika na Sheha mvua ilipopumua kidogo. Alikuwa na shoka begani.

"Haya, Sheha, shuhudia. Mti umekufa. Naukata nipate njia yangu, na huyu afunge mkeka wake."

Mwatum alikuwa amepiga magoti shinani. Nusu ya mizizi ilikuwa hewani; nusu ya pili ilikuwa imeshika ardhi kwa upande wa chini. Ile ya hewani alikuwa ameifunika udongo na kuikandika makuti na majani ya mgomba. Hakuinuka.

"Sheha, mti umeanguka. Aliyesema umekufa ni nani? Amekuwa daktari lini?"

"Mti umelala chini kama maiti!" akapiga kelele Himid.

"Na weye hulala kila siku baada ya chakula. Tukuzike?"

Sheha Mmanga alipandisha kanzu yake isiguse tope. Akaenda akaitazama mizizi iliyoshika, akaigusa. Alikuwa mmoja wa waliocheka barazani miaka ile, na Mwatum alikuwa akijua hivyo, na huenda na yeye alijua kuwa anajua.

"Himid, rudisha shoka nyumbani," alisema mwishowe. "Mti ukiwa hai na wewe ukaukata, umekata mali ya mtu. Tungoje mvua ziishe. Ukichipua, uko hai. Usipochipua, ardhi yako."

Basi ikawa ni kungoja. Mvua zikaisha kwa shida, mwaka mpya ukaingia. Majani ya mlangilangi yaligeuka manjano, yakaanguka yote, na Himid akawa anapita kuzunguka porini, kwenye miiba, akitazama matawi makavu na kutabasamu. Mwatum hakuwa na ua hata moja la kuuza. Alisuka makawa ya kufunikia vyakula na kupura mpunga wa watu uliosalimika, na kila alfajiri alikwenda shinani. Hakuukwangua mti, hakuuchokoza kuuliza kama unaishi. Aliuongezea udongo, akaumwagia maji ya udhu wake, akaenda zake. Wanawake wa Tibirinzi walipotuma mtu kuuliza vikuba alijibu, "Havipo. Waambieni havipo, msiseme nimeacha."

Siku aliyoviona vichipukizi alidhani ni vijani vilivyoangushwa na ndege. Akashika, vikamkatalia. Vilikuwa vimetoka kwenye shina lenyewe, mstari mzima, vikisimama wima kutoka kwenye mti uliolala kama watoto waliopanda juu ya mgongo wa mtu. Hakumwita mtu. Alikaa chini, akacheka peke yake mpaka Moza akaja mbio akidhani ni kilio.

Hawakumwambia Sheha mpaka vikawa matawi, na matawi yakatoa majani, na mlangilangi, ukiwa chini vile vile, ukatoa maua yake ya kijani yaliyogeuka manjano. Asubuhi harufu ilipanda mlimani mpaka mlangoni kwa Mwanamize. Watu walikuja kutazama. Sheha Mmanga alikuja wakati wa adhuhuri, maana hukumu yake ilikuwa ya adhuhuri.

"Uko hai," alisema, "na uko pale pale ulipopandwa. Shina halikuhama."

Kisha akashika kijiti akaanza kuzunguka kivuli. Zamani mti ulipokuwa umesimama, kivuli chake kilikuwa duara la kuzunguka kibanda tu. Sasa ulilala kwa urefu wake wote. Sheha akapita mpaka wa zamani, akavuka vijiti vya Himid, akapita miche iliyovunjika, akapita njia, akaendelea.

"Sheha, unakwenda wapi?" Himid aliuliza.

"Nakifuata kivuli."

"Kivuli kimehamia kwangu! Huko ni kwangu!"

"Nani alikihamisha?" Sheha akaunyooshea kijiti ule mfereji, ambao ulikuwa bado wazi, mkavu, unaeleza wenyewe ulikotoka na ulikofika. "Nilisema kivuli cha adhuhuri. Sikusema kivuli cha mti uliosimama."

Waliokuwapo wakacheka. Mwatum alizisikiliza sauti zao, akazijua zile zile. Hakucheka nao. Mtu anayecheka na wewe leo kwa sababu upepo umegeuka, hakukupa kitu. Akaingia kibandani kutafuta uzi wa kutungia.

Njia ya Himid ya kwenda kwenye mikarafuu yake ikawa inapita ndani ya kivuli hicho, baina ya matawi yaliyosimama kwenye shina lililolala. Nyengine hakuwa nayo isipokuwa ile ya miiba. Alipita kwenye miiba mwezi mmoja hivi, ubishi ukimwisha kidogo kidogo, kanzu nayo ikichanika. Asubuhi moja Mwatum alikuwa juu ya shina, amekaa kama mtu aliyekaa barazani kwake, kapu la maua pajani. Akasikia mtu anakohoa upande wa pili wa majani. Mtu akasimama. Akakohoa tena.

"Hodi," ikasema sauti ya Himid, ndogo.

Mwatum alimwona vizuri, na jembe lake begani. Akachuma ua, akalitia kapuni, akachuma la pili.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Majani yakatikisika.

"Himid bin Thuwein."

"Na unataka nini, Himid bin Thuwein?"

"Nataka njia. Kupita."

Mwatum akamaliza tawi lile lote, bila haraka, mpaka hapakubaki ua lililoiva. Ndipo alipovuta miguu yake pembeni, kiasi cha mtu mmoja kupita akiinama.

"Pita," alisema. "Na uangalie usinivunjie tawi."